Mama Milimita na Pikapu Iliyogoma Mlimani

Jua halijachanganya bado, na Mama Milimita ameshazama kazini. Ovaroli imekunjwa mikono, miwani imepanda kwenye paji la uso, kidole cha shahada kimo ndani ya silinda. Anakizungusha taratibu, macho kayafumba.

"Shangazi, vipi?" anauliza mtoto wa kaka yake, dereva wa pikapu.

"Nyamaza kwanza. Nikisikiliza kwa kidole sitaki redio."

Bloku ya injini iliyo mezani imetoka kwenye pikapu hiyo, gari pekee la familia. Hupandisha mizigo ya wafanyabiashara hadi soko la mlimani. Lakini siku hizi ikifika kwenye kona ya juu inapumua kama mgonjwa, na wateja wameanza kuangalia magari mengine. Kijana amekuja na dawa yake mkononi: boksi la pistoni kubwa, nene kuliko za mwanzo kwa milimita tatu.

"Tanua silinda, tupa hizi humo, mlima utanikoma," anasema.

Shangazi anacheka. "Mlima haukujui hata jina. Njoo huku."

Anampeleka kwenye kona ya karakana, ilipo bloku nyingine iliyokatwa katikati kama mkate. Ndiyo ubao wake wa kufundishia. Kila mgeni wa kazi hii huanzia hapo.

"Injini ni pampu," anaeleza. "Pistoni ikishuka inavuta hewa na mafuta, ikipanda inabana, vinalipuka, gari linakwenda. Ile nafasi inayofagiwa na pistoni ndiyo ujazo. Ukiongeza nafasi, unaongeza pumzi. Sasa weka kidole hapa."

Kijana anagusa ukuta wa silinda. Upande wa pili wa ukuta huo mwembamba kuna njia ya maji ya kupoza injini.

"Hizo milimita zako tatu zinatoka kwenye ukuta huu. Nikichonga nikakutana na maji, hapo huna injini. Una birika."

Mafundi waliokuwa wakisikiliza dirishani wanaangua kicheko.

Mama Milimita hakuanza na vyuma. Alikuja hapa msichana, akiajiriwa kupokea simu. Wateja wakiuliza kwa nini kazi imechelewa, alimkimbilia mkerezaji, mzee aliyechonga vyuma, kupata jibu. "Mzee alichoka na maswali yangu," anakumbuka. "Siku moja akaniambia, binti, shika kipimo, ujijibu mwenyewe." Alishika, hakukiachia. Mzee alipostaafu alimwachia mashine ya kuchongea silinda, na mashine hiyo imewasomesha wanawe wawili.

Ana sharti moja lisilovunjwa: hachongi silinda kabla pistoni hazijafika mezani. Huzipima moja moja, ndipo huchonga kila silinda ifuate pistoni yake. Wanaoanza hufanya kinyume. Wanachonga kwanza, kisha wanazunguka madukani kutafuta pistoni ya kuenea shimo.

"Ni kama kushona suruali kabla hujamwona mvaaji," anasema.

Anapaka mafuta mazito kwenye ukuta, anabandika kidude cha kupimia unene wa chuma. Anarudia upande huu, upande ule. Anatikisa kichwa.

"Imeshawahi kuchongwa. Imebaki kidogo. Nusu milimita naweza, zaidi ya hapo siweki mkono wangu."

Uso wa kijana unasawijika. "Shangazi, nimeshawatangazia watu kijiweni!"

"Kawatangazie tena. Ndoo ikikataa kupanuka, irefushe."

Anamfafanulia. Injini ya ujazo wa cc 1,300 kama yake ina ndugu wa cc 1,500, ukoo mmoja, bloku ileile. Tofauti ni krenki, ule mhimili unaosukumwa na pistoni. Krenki ya ndugu huyo inaishusha pistoni chini zaidi, hivyo pumzi inaongezeka bila kuudhoofisha ukuta.

"Lakini pistoni nazo ziwe za ndugu huyo, zilizoongezwa hiyo nusu. Hizo ni fupi juu. Ukitia za zamani zitagonga kichwa cha injini. Na kabureta inayoilisha injini mafuta ipimwe upya, maana mwenye mapafu makubwa hali chakula kilekile."

Kijana anarudisha boksi lake dukani, kisha anapita kwenye vyuma chakavu hadi anapata krenki iliyonyooka. Pistoni zinafika, zinapimwa. Ndipo mashine inanguruma, na unga wa chuma unamwagika kwenye trei kama pilipili manga.

Injini inafungwa, inatembezwa kwanza bila mzigo ili ringi za pistoni zizoee kuta. Kisha inafika siku ya soko. Mama Milimita anachonga kazi ya mtu mwingine, lakini simu kaiweka jirani na mkono. Inapoita, anazima mashine.

"Shangazi! Nimeipita kona ya juu! Mzigo umejaa, na sikurudi gia ya kwanza!"

"Joto je?"

"Mshale umetulia katikati."

Anavuta pumzi ndefu. "Haya, shuka polepole. Injini mpya haifukuzwi, baba. Na Jumamosi uje."

Jumamosi ndiyo mpango wake. Anataka karakana iwe darasa la wanaoanza, wasichana kwa wavulana, kila mmoja aguse ukuta wa silinda kabla hajashika mashine. Mabenchi ameshayapanga, ile bloku iliyokatwa ameiweka mbele.

"Nije kufanya nini, Shangazi?"

"Kufundisha. Utawasimulia jinsi ulivyotaka kujitengenezea birika."