Jiwe la Ukata

Wapo watakaosema nilikuwa nimelewa. Ilikuwa saa tatu asubuhi na hata chai sijanywa, sasa nilewe nini? Yalinikuta mimi mwenyewe, milimani Ukata, mwezi wa sita, siku ya ukungu mzito kiasi kwamba mpini wa jembe nauona nusu.

Nilikuwa nasafisha mteremko nipande kahawa. Jiwe moja kubwa lilinisumbua sana. Nikalichimbua kwa mtaimbo hadi likalegea, likabaki kusukumwa tu liporomoke bondeni. Nainama nisukume, naona mkono wa mtu juu yake.

Mzee. Kajifunga gome la mti kiunoni, mabega wazi kwenye baridi ile! Nikamwamkia, "Shikamoo, baba." Alisema kwa Kimatengo cha zamani, kile cha bibi yangu:

"Usisukume."

"Kwa nini, baba?"

"Wangoni walikuja na mikuki mifupi na ngao za ngozi ya ng'ombe. Kule tambarare walitumaliza. Tukapanda huku. Hapa njia inapitisha mtu mmoja mmoja, na ngao haizuii jiwe. Tukisikia nyayo kwenye ukungu, tunasukuma."

"Mkashinda?"

"Tulishinda." Akalipapasa jiwe. "Nyayo za mwisho zilikuwa za mke wangu. Alikuwa anatuletea maji. Sikuuliza ni nani."

Niamini, hapo hapo nikasikia nyayo chini yetu. Nikapiga kelele, "Nani?"

"Baba Neema, ni mimi! Nimekuletea viazi." Alikuwa mke wangu, na mtoto mgongoni, kwenye njia ile ile ambayo jiwe lingepita.

Mzee akanitazama. "Wako ameitika," alisema, machozi yakimtiririka. Nikageuka kumwangalia mke wangu akipanda. Niliporudisha macho, mzee hayupo.

Jiwe sikuligusa tena, nilirudishia udongo tu. Nilimwombea misa, ingawa padri aliponiuliza jina la marehemu sikuwa nalo. Haikusaidia. Ukungu ukishuka namsikia akiita jina la mwanamke kule bondeni. Anaita, anasikiliza, kisha anaita tena. Mke wangu naye anasikia. Tunaacha majembe, tunakaa chini mpaka akome.

Wewe ukija kulima huku, ita kwanza kabla hujasukuma kitu mteremkoni. Na ukimsikia mzee huyo anaita, nakuomba, usimwitikie kwa utani. Atadhani ni mke wake.