Chupa Niliyoitikisa Kwa Heshima

Mkwe wangu Mwingereza, yaani baba wa kijana aliyemchumbia binti yangu, alipokuja kwangu Lewisham, huku Uingereza, mara ya kwanza, tulitazamana kama watu wanaongoja basi. Mvua ilinyesha, akaizungumzia. Ikakatika, akanyamaza. Alipoondoka, binti yangu alilia jikoni.

"Baba, mkishindwa kuongea nyinyi wawili, harusi yangu itakuwa matanga."

Shule niliishia darasa la tatu, lakini hilo nililielewa.

Mara ya pili alikuja mchana, na chupa. Bia ya shayiri, ila kali hata wenyewe huiita divai, na alikuwa ameihifadhi stoo miaka kumi na minane. Mimi bia hailali kwangu siku mbili, marehemu mke wangu aliyajua hayo. Lakini nimepotea njia. Aliisimamisha mezani kama anayelaza mtoto mchanga, akaenda msalani.

Sasa, kwetu Kakamega busaa, pombe yetu ya nafaka, ni nzito, na ukimpa mgeni ya juu bila kukoroga umemnyima chakula kilicho chini. Nikaona machicha chini ya ile chupa. Nikaishika shingo, nikaitikisa barabara.

Mzee akatokea mlangoni. "Unafanya nini?"

"Nakukorogea, mkwe."

Uso ukamwiva kama pilipili. Binti yangu akafumba macho. Kumbe machicha yale huachwa chini, na mwenzangu alikuwa ameipakata chupa kwenye treni safari nzima isitikisike!

"Sasa tufanyeje?" nikauliza.

"Tungoje itulie."

"Muda gani?"

"Mpaka kesho ingefaa."

"Basi nikutandikie kitanda?"

Akacheka, puani tu, lakini akacheka. Tukakubaliana kungoja muda wa saa mbili. Na saa mbili si mchezo, huwezi kuzimaliza kwa habari za mvua. Akanieleza jinsi kijana wake alivyochelewa kutembea. Nikamweleza wangu alivyokataa kunyonya. Binti yangu akaleta kuku, na firigisi nikamwekea mkwe. Nilikuwa nimemsihi mchinjaji wa sokoni asiitupe.

"Hii ni ya mwenye mji," nikamwambia. "Leo mwenye mji ni wewe."

Hakuigusa. Saa zetu mbili zilikuwa zimetimia, akamimina bia kwanza, polepole, akiinamisha glasi. Nikaonja. Tende, sukari guru iliyoungua kidogo, na moto unaoshuka taratibu mpaka tumboni. Alikuwa amekuja na jibini yake yenye ukungu wa buluu, anasema ndiyo mwenzake wa bia hiyo. Nitasema kweli, inanuka soksi. Lakini ukiifuatisha na bia, chumvi inayeyuka na utamu unabaki, nami nikajiongeza kipande.

Yeye akang'ata firigisi, akanywa.

"Hii inaishinda jibini," akasema. Akachukua kisu, akaikata iliyobaki, akanisukumia nusu.

Kwetu firigisi haigawanywi. Hata kaka yangu mkubwa hajawahi kunionjesha yake. Nikaila, nikamwuliza habari za baba yake mzazi. Chai aliyotuletea binti yangu ilipoa, akaipasha, ikapoa tena.