Sauti ya Dada Halima Kwenye Gemu la Magari

Kompyuta iliyokaa muda mrefu bila kuwashwa ina harufu yake. Ukiiwasha, vumbi lililojikusanya ndani linaanza kupata joto, na kwa dakika chache za mwanzo chumba kizima kinanuka kama unywele ulioungua umechanganyika na beseni jipya la plastiki. Mwezi uliopita kijana mmoja aliniletea mashine ya namna hiyo hapa kwenye fremu yangu ya ufundi, Singida mjini. Aliitoa kwenye gunia la alizeti, nikaichomeka kwenye umeme. Harufu iliponifikia nikamwambia nakwenda kununua maji. Sikununua maji. Nilisimama nje kwenye kivuli cha ukuta, mtu mzima na watoto wangu wawili, nikawa tena Zuhura wa darasa la tano, Manyoni, jirani na stesheni.

Nitawasimulia ninyi, kwa sababu wale niliopaswa kuwasimulia hawapo.

Baba alikuwa mtu wa mizigo kwenye reli. Kwao ni Ihanja, lakini kazi ndiyo iliyomleta Manyoni, na mimi na dada yangu Halima tukazaliwa hapo. Ikaja miaka ile ya soko huria, mashirika yakawa yanapunguza watu, na siku moja jina la baba likabandikwa ukutani pamoja na majina ya wenzake. Wengi waliopunguzwa walinunua ng'ombe, au mashine ya kusaga, mmoja akaoa mke wa pili. Baba alipanda treni na kiinua mgongo chake kwenda Dar es Salaam, akarudi na kompyuta. Ilikuwa mtumba kutoka Ulaya, nzito, ya rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Kioo chake alikipakata mapajani tangu Dar mpaka Manyoni, kwa sababu hakuwaamini watu wa mizigo.

Alikodi fremu ndogo mkabala na stesheni, akaandika ukutani kwa rangi nyekundu kwamba hapo panachapwa barua, risala na vyeti. Yeye mwenyewe aliiogopa ile mashine kama mtu anavyomwogopa ng'ombe wa jirani. Mwenye kuijua alikuwa Halima. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, matokeo hayakumpeleka popote, akajifundisha kuchapa kwa vidole vinne. Mimi nikitoka shule nilikaa naye, nikimsomea miandiko mibaya ya wateja.

Wateja hawakuwa wengi. Kadiri treni za abiria zilivyopungua ndivyo na wao walivyopungua, na kuna siku nzima zilizopita tukiangalia nje tu, vumbi likivuka barabara. Ndani ya kompyuta mwenyewe wa zamani alikuwa ameacha gemu la mashindano ya magari. Tulilicheza mpaka tukakijua kila kilima chake. Magari yalikimbia kwenye milima yenye theluji, katikati ya miti ya kijani, na kabla ya kuanza mwanaume mmoja alihesabu kwa Kiingereza kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

Siku fundi kutoka Dodoma alipokuja kutengeneza printa, alimwonyesha Halima kwamba gemu nalo lina mafaili yake, na kwamba rangi za magari na milima ni picha za kawaida tu zilizowekwa kwenye folda. Yule fundi aliondoka jioni hiyo hiyo. Halima hakulala vizuri, nadhani, maana kesho yake alifungua fremu kabla ya baba.

Jaribio la kwanza lilitushinda. Alitaka kupaka barabara rangi ya udongo wetu, akakosea ukubwa wa picha, barabara ikawa nyeupe yote na gari likawa linaogelea kama kwenye maziwa. Jaribio la pili gemu lilikataa kabisa kuwaka. Tulicheka mpaka mteja aliyekuwa akisubiri barua ya kuomba kazi akatuuliza kama kweli hapa ni ofisi. Lakini Halima alikuwa mtu wa kurudia. Alichukua daftari la shule lililobaki kurasa chache, akaandika kila alichokibadilisha, na mimi akanikaririsha masharti yake. Usibadilishe vitu viwili kwa pamoja, hutajua kipi kimeharibu. Picha mpya iwe na jina lile lile na ukubwa ule ule wa ya zamani. Na kabla hujagusa kitu, nakili kile cha zamani kwenye disketi.

"Ukishanakili, Zuhura, huna cha kuogopa," aliniambia. "Hata ukiharibu, unarudisha, unaanza upya."

Maneno hayo mpaka leo nawaambia vijana wanaokuja kwangu kutaka kuchokonoa magemu yao. Ila huwa naongeza la kwangu, nitalifikia.

Baada ya miezi michache lile gemu lilikuwa letu. Theluji alikuwa ameigeuza majabali ya kijivu kama yale ya Singida. Miti ya kijani aliikausha ikawa vichaka vya njia ya Kintinku wakati wa kiangazi. Kwenye mabango ya pembeni palipokuwa na maneno ya Kizungu aliandika KUKU WA KIENYEJI na MAFUTA YA ALIZETI, na bango moja, kwenye kona kali, likasema BABA HALIMA TUNACHAPA RISALA. Watu wa sokoni walikuja kutazama. Baba alisimama nyuma ya kiti akaona jina lake linapita mbio kwenye kioo.

"Upuuzi," alisema. Kisha akasema, "Hebu rudia."

Mwisho kabisa alibadilisha sauti. Kulikuwa na maiki ndogo iliyokuja na kompyuta ile, akaifuta kwa kanga, akanyamazisha kila mtu, akahesabu. Moja, mbili, tatu, haya twende. Ukisikiliza vizuri, baada ya "twende" kulikuwa na kitu kidogo kama mlango uliozuiwa usigonge. Ni kikohozi alichokimeza.

Kifua kilikuwa kimemwanza kabla ya hapo. Kilikuja kikaondoka, kikarudi, na kila kiliporudi kilichukua nyama kidogo mwilini mwake. Alipelekwa hospitali, akapewa dawa, akapata nafuu, tukafurahi, akaanguka tena. Mara ya mwisho alipokuja kwenye fremu alikaa kwenye kiti changu, mimi nikakaa kwenye chake, na ndiye aliyenisomea miandiko ya wateja. Sauti haikufika mbali. Nilimwomba arudie mara nyingi, na sasa najua ilivyomgharimu kurudia.

Alifariki mwanzoni mwa masika. Tulimzika Ihanja, watu wakarudi makwao, arobaini ikapita. Mama hakutaka jina lake litajwe wakati wa kula. Baba alirudi kwenye fremu, akawa anatoka moja kwa moja baada ya swala ya alfajiri, na mimi nilidhani anakwenda kufagia.

Wazo langu lilikuwa la kitoto na nitalisema kama lilivyokuwa. Nilitaka tuwe wawili. Gemu likianza, Halima ahesabu, na mimi nijibu, "Twende dada." Mchana mmoja baba alikuwa ametoka kutafuta karatasi. Nilifungua faili la sauti yake kwenye kile kinasa sauti cha kompyuta. Nilikumbuka masharti. Nilitazama disketi, ipo, imeandikwa kwa mwandiko wake GEMU SAUTI. Nikabonyeza kitufe chekundu, nikasema maneno yangu, nikachelewa kidogo kukizima, nikahifadhi.

Nilidhani sauti yangu itaingia nyuma ya yake. Kumbe kinasa kile kinaandika juu ya kilichopo, kuanzia pale mshale uliposimama, na mshale ulikuwa umesimama mwanzo. Niliposikiliza nilisikia sauti yangu peke yake, "Twende dada," halafu kimya.

Sikuogopa bado. Nilichukua disketi, nikanakili lile faili kulirudisha mahali pake kama nilivyofundishwa, nikawasha gemu. Akahesabu yule mwanaume. Kwa Kiingereza, ameshiba.

Halima alikuwa amenakili cha zamani. Hakukuwa na sababu ya kunakili cha kwake. Yeye alikuwepo, angeweza kurekodi tena wakati wowote. Nilibadilisha jina la faili, nikalifuta, nikalirudisha, nikanakili tena na tena mpaka umeme ukakatika. Nilianza kwa kutaka kumrudisha, nikamalizia kwa kuficha alama zangu.

Kesho yake nilirudi kutoka shule nikakuta baba amekaa mbele ya kompyuta, kofia yake juu ya meza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Hakugeuka. "Zuhura, huyu Mzungu ametoka wapi?"

Sikujiuliza baba amejuaje, yeye ambaye sikuwahi kumwona akiligusa gemu na asingeweza kulipitisha gari hata kona ya kwanza. Niliona tu kwamba nimekamatwa.

"Sijui baba. Labda ni virusi."

Neno hilo nililisikia kwa yule fundi wa Dodoma. Baba alilifikiria kama mtu aliyetajiwa jina la ugonjwa.

"Virusi vinaweza kumtoa mtu?"

"Vinaweza."

Alitikisa kichwa taratibu. Virusi alikuwa anavielewa.

Ijumaa iliyofuata aliifunga kompyuta kwenye blanketi la mama, akapanda nayo gari kwenda Dodoma. Mimi nilidhani anakwenda kuiuza, na nawaambia ukweli, nilipata ahueni. Alikaa huko siku tatu. Aliporudi uso wake ulikuwa na matumaini ambayo sikuwa nimeyaona tangu masika.

"Fundi amesema vimekwisha vyote," alimwambia mama mlangoni. "Nimemwambia ina virusi, na yeye ameisafisha kabisa, imekuwa kama mpya."

Tuliichomeka. Kweli ilikuwa kama mpya. Iliwaka haraka, kioo kikawa cha bluu safi, hakuna risala hata moja ya zamani, hakuna folda.

"Nitafutie lile gemu," baba alisema.

"Halipo baba."

"Tafuta vizuri."

Nilitafuta vizuri. Nilifungua kila mahali palipofunguka, yeye amesimama nyuma ya kiti ananisubiri, na nilipomaliza nikaanza tena kwa sababu niliogopa kugeuka. Hatimaye aliweka mkono begani kwangu akasema, "Haya, basi, acha." Alivuta stuli ya wateja akakaa, akatazama nje upande wa reli. Hakufoka. Hakuniuliza tena siku hiyo wala mwaka ule. Kuanzia kesho yake alifungua fremu saa mbili kama watu wengine.

Mama ndiye aliyeniambia, baadaye sana, nilipokuwa nasomea ufundi. Baba alikuwa akiwasha ile mashine kila alfajiri, peke yake, anabonyeza pale Halima alipomwonyesha, anamsikia anahesabu, gari linabaki limesimama mengine yakipita, halafu anazima na kuanza tena. Alikuwa amemwomba mama aende naye siku moja asikie. Mama hakuweza. Alikuwa akijipa moyo kwamba ataweza mwaka ujao.

Na katika masomo yale nilijifunza jambo jingine, ambalo mwalimu alilisema haraka haraka akielekea kwenye somo lililofuata. Faili likipotea, kitu cha kwanza ni kuiacha mashine, usiandike chochote juu yake, umweleze fundi hasa kilichotokea. Pengine mabaki yapo. Wenzangu waliandika kwenye madaftari. Mimi nilibaki nimeshika kalamu. Siku ile Manyoni ningesema, "Baba, nimemfuta Halima kwa bahati mbaya," fundi wa Dodoma huenda angepata kipande, sekunde moja, hata kile kikohozi tu. Labda asingepata kitu. Lakini asingeisafisha. Aliisafisha kwa sababu alitajiwa virusi.

Ndiyo maana nawaambia vijana: nakili cha zamani, sawa, lakini hicho kinaweza kupatikana popote duniani. Nakili kile ulichokitia wewe kwa mkono wako. Wanaitikia, "Sawa mama," na wengi hawafanyi.

Baba alizeekea Ihanja. Mwaka wake wa mwisho nilikwenda kumuuguza. Asubuhi moja, nikimnywesha uji, aliniuliza kama kweli sasa mimi ndiye fundi wanayemsifu mjini. Nikasema ndiyo. Akameza uji.

"Ile sauti ya mwenzako. Siku hizi mna mitambo mikubwa. Isingeweza kurudi?"

"Hapana baba."

"Vile virusi vilikuwa vikali."

Kijiko kilikuwa mkononi mwangu. Mama alikuwa ameshatangulia, ndani tulikuwa wawili, na hapakuwa na mtu wa kunizuia kusema.

"Vilikuwa vikali," nikajibu, nikamnywesha uji uliobaki.