Watatu Waliomwacha Bibie

Mjomba wangu hakuwahi kusema gari lake limeharibika. Alisema Bibie kaumwa. Kiswahili kina ngeli yake kwa magari, na mtu aliyesoma Unguja kama yeye aliijua vizuri, lakini kwa lile gari lake jeusi la Kiingereza, refu kama baraza, lenye mabawa ya fedha puani, aliikataa katakata. "Limekuja" na "limekwenda" aliwaachia wenye magari ya kawaida.

Ungekaa naye dakika tano ungepewa historia. Kwamba ukoo wa Bibie ulianzia kwenye magari ya mashindano, yale ya kuzunguka usiku na mchana bila kulala. Kwamba zamani kiwanda kiliunda injini na fremu tu, bodi likaenda kushonwa kwa mafundi wengine, kama kitambaa kinavyopelekwa kwa fundi cherehani. Kwamba gari lao la mbio lilikuwa la milango miwili, na mafundi walipotaka kuongeza miwili mingine ili tajiri asiiache familia nyumbani, wakubwa wa kiwanda wakanuna. Kwamba jina la gari hilo la milango minne lililala miaka mingi, mpaka Wajerumani wakakinunua kiwanda, wakalifufua na kulitilia silinda kumi na mbili. Nimeyasikia haya harusini, nimeyasikia matangani, na mara moja kwenye foleni ya benki mtaa wa Ruwi, huku ng'ambo tunakoishi, ambako Mjomba alimsimulia yote bwana mmoja asiyejua neno la Kiswahili.

Basi mama akaamua kwamba mimi na Mjomba twende kuposa na Bibie. Mimi ni karani wa wizara, mtaa wa Al Khuwair, na gari langu ni dogo, mlango wake wa nyuma haufunguki. Mama aliona haya. "Wakuone umeshuka kwenye kitu," akasema. "Na usifungue mdomo. Kuposa ni kwa wakubwa. Kazi yako wewe kutazama zulia."

Niliyemtaka alifanya kazi ghorofa ya juu yangu, na kwa mwaka mzima nilikuwa nikipanda ngazi kutafuta karatasi nisizozihitaji. Baba yake alikuwa amefariki, na neno la mwisho nyumbani kwao lilikuwa la bibi yake. Ajuza huyo alikwisha kumkataa mchumba mmoja kwa sababu alitikisa mguu akiwa amekaa. Niliogopa. Nilimpenda yule binti kiasi cha kuogopa goti langu mwenyewe.

Kwao ni Mutrah, juu ya bandari, na kichochoro chao ni cha punda mmoja. Bibie hakupita. Tukamwacha chini, watalii walioshuka melini wakimzunguka na kumpiga picha, nasi tukapanda kwa miguu, kanzu zimelowa jasho. Hakuna mtu wa nyumba ile aliyetuona tukishuka kwenye kitu.

Jambo hilo lilimuuma Mjomba. Alikuwa bado akichungulia dirishani kumtazama Bibie kule chini, mimi nimekaa chini ya dirisha hilohilo natazama zulia, halua ipo mbele yetu, pale bibi alipoingia, akaketi, akaelekeza kidevu upande wetu na kuuliza:

"Asili yake wapi huyu?"

"Uingereza," Mjomba akajibu, uso umemng'aa.

"Uingereza? Mie nnaambiwa mtu wa Unguja."

"Hata! Mwingereza khasa, bimkubwa. Ila moyo wake wa Kijerumani."

Bibi akaniangalia kuanzia kofia mpaka kucha za miguu, akimtafuta huyo Mwingereza.

"Tabia yake?"

"Kimya kama maji ya mtungini. Lakini ukimkanyaga, hapo utamjua!"

"Afya?"

"Asubuhi hukohoa kidogo. Akishapata moto, hutulia."

Nilikwisha kuelewa. Nilimkanyaga Mjomba mguu, akausogeza kwa adabu ili anipe nafasi.

"Keshapata kuwa na mtu kabla?" bibi akauliza, sauti imeshuka.

"Watatu. Wa mwanzo Dubai, wa pili Sohar, wa tatu hapahapa."

"Watatu! Na kwa nini wakamwacha?"

"Anakula, bimkubwa," Mjomba akasema kwa huzuni. "Watu hawamwezi."

Bibi akaweka kikombe cha kahawa chini, akageukia pazia la jikoni.

"Rudisheni halua," akasema.

Sinia likaondolewa. Nikaona mwaka wangu mzima wa ngazi unabebwa kuelekea jikoni, na zulia likanishinda.

"Bimkubwa, ni gari!"

"Gari gani?"

"Huyo anayekula. Huyo aliyeachwa. Mie sijaoa, wala sikohoi. Na hilo gari si langu, la Mjomba. Langu dogo, mlango haufunguki. Mie karani tu, na nnampenda mjukuu wako. Basi, nimesema."

Nyuma ya pazia mtu akapasuka kwa kicheko. Kicheko hicho nilikijua tangu ghorofani. Mjomba alikuwa ameziba uso kwa kilemba. Bibi alinitazama muda mrefu, na goti langu, namshukuru Mungu, halikutikisika.

"Rudisheni halua," akasema.

Maneno yaleyale mawili, na safari hii sinia likaja.

Siku ya harusi bibi alikataa magari yote, akataka kupanda Bibie, kiti cha mbele. Mjomba akaanza historia tangu magari ya mashindano. Alipofika kwa wale watatu, bibi akamkatiza, mkono wake ukipapasa ngozi ya kiti.

"Marehemu wangu naye alikula," akasema. "Na kila asubuhi akikohoa. Miaka arobaini. Siku hizi naamka mapema, nasikiliza, hamna kitu."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Mjomba aliendesha mpaka mwisho bila kusema neno.