Mlevi wa Kwenye Shuka Jeupe

Mpaka leo, akitokea mtu aliyekulia Singida enzi za Mwingereza, akishajua mimi ni binti wa nani, lazima acheke kwanza ndipo anisalimie. Kisha hupepesuka hatua mbili tatu kwenye kizingiti changu, akidhani ni yeye wa kwanza kunifanyia hivyo. Nami hucheka kidogo kwa adabu, maana mgeni ni mgeni. Maisha yangu yote nimecheka kwa adabu, na mashavu yamechoka.

Baba alikuwa mwamba ngozi. Kazi yake, kwenye banda moja nje kidogo ya Ilongero, ilikuwa kuzitandaza ngozi mbichi za ng'ombe kwenye fremu za miti na kuzikausha kivulini. Alinuka ngozi, nasi tulinuka ngozi, na hakuna aliyekuwa na haja ya kututazama mara mbili. Ndipo akaja Mzungu wa sinema na kamera yake ya miguu mitatu.

Serikali ilitaka picha ya kutufundisha tusiumalize mtama wote kwa kupika pombe. Alitafutwa mtu mwema na akatafutwa mlevi. Mwema alipatikana upesi, mwalimu wa shule, mrefu, mwenye meno mazuri. Mlevi ndiye aliyesumbua, kwa sababu kila aliyejaribu alizidisha, akajibwaga chini kama gunia huku anachungulia kama anatazamwa. Baba alikuwa anapita na mzigo wa ngozi kichwani. Akaitwa naye ajaribu. Akautua mzigo, akatembea.

Nilikuwepo, nikaona. Hakuanguka hata kidogo. Alitembea polepole, kwa uangalifu mno, kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa akiogopa usimwagike. Alipofika kwenye mlango wa nyumba ya kuigizia, akanyoosha mkono aushike mwimo, ule mti wa kando ya mlango, akaukosa, akaushika mara ya pili, kisha akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Fungua, mama. Nimekuja na amani." Mzungu hakuelewa neno hata moja, lakini alipiga makofi.

Sasa, baba yangu alikuwa hanywi. Hakuwa Mwislamu, wala hakuwa mtu wa misheni, hakunywa tu. Ukimwuliza atakwambia tumbo lake halitaki, na mazungumzo yameishia hapo.

Gari la sinema likazunguka na picha ile, Ikungi, Manyoni, Itigi hadi Mitundu, na kule Iramba. Walikuwa wakitundika shuka kubwa jeupe kati ya miti miwili. Picha ilikuwa bubu, na maneno ya baba aliyasema mtangazaji kwenye kipaza sauti, akinguruma kama simba. Mzungu akarudi kwa picha nyingine mbili. Katika moja baba alimficha bwana mifugo ng'ombe wagonjwa, na katika nyingine alikataa kuchimba choo. Mwalimu akaendelea kuwa mwema, na sijamsikia mtu akimkumbuka. Waliyempenda ni mlevi.

Kupendwa kwenyewe kulituchosha. Siku za mnada hatukuweza kununua chumvi tukaondoka. Watu walimzunguka, wakampa vibuyu vya pombe, wakamwomba atembee ule mwendo wake. Alikataa pombe na alikataa mwendo. "Ile ni kazi ya Mzungu," alisema, "na imebaki kwa Mzungu." Wakamtania kwamba mwamba ngozi huvutia kwake, staa hataki kutembea bure. Kisimani wanawake walimkagua mama yangu kutafuta alama za kipigo cha mlevi. Siku moja alirudi akaubwaga mtungi chini. "Afadhali ningekuwa napigwa kweli," alisema, "nikajua huruma yao ni ya nini." Baba alikuwa anakula. Aliacha kula, akatoka nje.

Bibi yetu, mama yake baba, alikaa nasi. Kiwiko chake cha kushoto kilikuwa hakinyooki. Alianguka kisimani, alitwambia, akiwa bi harusi mgeni. Sinema hakwenda hata mara moja. Tukimuuliza kuhusu babu, alijibu vilevile siku zote: "Babu yenu alikuwa mtu wa watu. Alikufa baba yenu akiwa mdogo, hakumjua."

Kisha nikapata mchumba. Nilimtaka yule kijana, niseme hivyo hivyo, uzee umeshaniondolea aibu. Alikuwa wa upande wa Ikungi, akipeleka ng'ombe mnadani na kulala kwa shangazi yake, jirani yetu. Nilikuwa sipati usingizi wala sisikii njaa. Lakini baba yake alileta neno moja tu: hatuoi kwa mlevi. Mshenga akaenda, akaeleza kwamba ile ni sinema, mambo ya kuigiza. Mzee akamjibu kwamba hilo analijua, yeye si mtoto. "Ila mtu haigi asichokijua," alisema. Mshenga akabembeleza mpaka mzee akakubali kuja mara moja, ajionee, na akitoka hapo atoe neno la mwisho.

Walikuja adhuhuri, wazee wanne. Mimi nilikuwa ndani na bibi, tukibangua karanga nyuma ya mlango. Mwali anayeposwa hatakiwi kuonekana wala kusikika, kwa hiyo nilitazama kwa upenyo wa mlango na kupumua kidogo kidogo. Mama alileta pombe ya mtama. Mwenye nyumba ndiye huonja kwanza, wageni wajue haina sumu. Baba akamsogezea kibuyu mdogo wake, aliyekuja kumsaidia kupokea wageni, akaonja yeye.

Mzee wa Ikungi aliona. "Mwenye nyumba haonji pombe yake?"

"Situmii, mzee wangu."

"Hutumii, au ukigusa huachi?"

 Ungesema nini hapo? Akinywa ni mlevi, asiponywa ni mlevi anayejificha. Nilihisi posa yangu inanitoka vidoleni.

"Basi tufanye hivi," mzee akasema. "Kama ni kuigiza, igiza. Hapa, jua hili, mdomo mkavu. Ukiweza kuwa mlevi bila pombe, nitaamini, na mwanangu ataoa hapa."

 Baba akatazama mlangoni, nilipokuwa. Sijui kama aliniona. Mimi kule ndani nilikuwa nasema moyoni, tembea, baba, tembea tu, si kitu. Akasimama.

Alianzia kwenye zizi. Alikuja polepole na mtungi wake usioonekana, na wageni wakaanza kucheka chini chini. Alikuja mpaka mlangoni kwetu. Akaunyooshea mwimo mkono, akaukosa, akaushika mara ya pili. Akasema kwa upole, si kwa ile ngurumo ya kipaza sauti, "Fungua, mama. Nimekuja na amani."

Nyuma yangu ungo wa karanga ulianguka. Nje wazee walikuwa wameangua kicheko, na yule wa Ikungi alikuwa anajipiga paja. "Huyu si mlevi!" alipaza sauti. "Mlevi hawezi kukumbuka yote hayo! Binti ni wetu!" Nilifurahi. Nikageuka nimkumbatie bibi.

Bibi hakuwepo pale. Alikuwa amejikunyata nyuma ya kihenge cha mtama, miguu imekunjwa, na ule mkono usionyooka ameuinua juu ya kichwa. Niliona sasa kwamba hapo ndipo mahali pake, kwamba umepinda vile vile mtu anavyoukunja mkono akijikinga na kipigo.

Baba akaingia, bado ana tabasamu la nje. Alipomwona, tabasamu lilimwisha. Akapiga magoti kwenye karanga.

"Mama, ni mimi."

Bibi aliuteremsha mkono taratibu. Alimtazama kama anamtafuta mtoto mdogo usoni pake.

"Kumbe baba yako akirudi, ulikuwa hulali," alisema.

 Baba alianza kuokota karanga moja moja na kuzirudisha kwenye ungo, na mikono yake, ile iliyokuwa inavuta ngozi ya fahali mpaka inalia, ilikuwa inaziangusha tena.

Nje mshenga akaita kwa furaha. Wazee wanaomba arudie, mara moja tu, mmoja wao hakuona vizuri. Baba aliinua kichwa. Nilimwona akijiandaa kusimama, kwa ajili yangu, na nikajua angetembea tena, na tena, kadiri watakavyotaka, mpaka ng'ombe wa mahari wafike.

Nikafungua mlango nikatoka, mwali nisiyetakiwa kuonekana, na jua likanipiga usoni. Kicheko kikakatika. Nilipiga goti.

"Shikamooni, wazee wangu," nikasema. "Baba amechoka."