Samaki Hawana Mikono

Nikinunua kitabu cha kumlaza mtoto, maandishi siyaangalii. Nilisoma hadi darasa la tatu, tena kwa kukatizwakatizwa. Naangalia mikono ya watu waliochorwa. Mkono ukiwa juu, kitabu narudisha.

Sababu yake ni mwanangu wa kiume. Hapa Likoni tulikaa nyumba moja, mimi, yeye, mkewe na binti yao wa miaka minne. Alasiri moja mkewe alimwambia wali haujaiva. Hilo tu. Akainyakua mbuzi niliyokuwa nakunia nazi, akampiga nayo usoni. Nilisikia mfupa ukivunjika kama muwa. Mtoto alikuwa ameshika leso ya mamake, damu ikamrukia machoni. Nikachukua mchi wa kinu nikampiga mwanangu bega, nikampiga mgongo, hadi akatoka nje akitambaa, akahama nyumba. Sikuona haya siku ile.

Mkewe alifungwa taya kwa waya, akenda kwao kuuguzwa. Uji alinywa kwa mrija. Mtoto akabaki kwangu mpaka mamake apone, na usiku akawa halali. Akifumba macho anaruka, anagonga kichwa ukutani. Ukimwita, hata abee haitoki.

Mwalimu wake wa chekechea akaniambia, "Bibi, msomee kitabu cha picha kabla hajalala. Atatulia."

Cha kwanza nilikipendea jalada, baba na mtoto shambani. Ndani, baba kainua mkono achume pera. Mtoto alipoona akajifunika kichwa kwa mikono miwili, mkojo ukamtoka. Shuka nilikuwa nimeifua asubuhi ile. Nikamzaba kofi.

Hakulia. Aliutazama mkono wangu vile vile alivyoutazama wa yule baba wa pichani.

Mwanangu nilimlea kwa mwiko. Akichelewa kurudi dukani, mwiko. Akivunja kikombe, mwiko. Mmoja ulikatikia kichwani mwake, nikachukua mwingine, na majirani wakanisifu kuwa najua kulea. Aliyemfunza kujibu neno kwa kipigo ni mimi.

Kesho yake nikashika mkono wa mtoto, tukaenda kwa mzee anayetandaza vitabu vya mitumba kando ya soko.

"Hiki kizuri, bibi. Mwindaji na sungura."

"Ana rungu."

"Hiki je? Mama yuko jikoni."

"Kainua mwiko."

"Mwiko si wa kusonga ugali?"

"Si kila nyumba."

Akacheka. "Wallahi wewe hununui vitabu, wakagua wafungwa."

"Toa vingine, wacha maneno."

Mtoto alikuwa amechuchumaa upande wa pili. Akavuta kimoja chini ya fungu, chembamba, kimetafunwa na mende. Samaki watupu.

"Bibi, hiki."

"Mbona hicho?"

"Hawana mikono."

Mzee akaacha kucheka. Akakipangusa kwa shati lake, akampa.

Kimeandikwa Kizungu, sijui kinasemaje. Samaki nawapa majina mwenyewe, ya samaki wa hapa pwani. Huyu changu, huyu tafi, wa mwisho kabisa pono. Siku ya kwanza alilala kabla hatujamfikia pono. Ya pili pia.

Majuma mawili yakapita hivyo. Jioni moja tuko kitandani na kitabu chetu, mlango ukapigwa teke, komeo likang'oka. Mwanangu.

"Mama, nipe mwanangu."

"Haendi."

"Mtoto ni wangu."

"Na lile taya lilikuwa la nani?"

Akanijia. Nikaukamata mchi nikauinua. Hapo nikamwona mtoto uvunguni mwa kitanda, kitabu kifuani. Hakuwa akimtazama babake. Alikuwa akitazama mkono wangu.

Nikauweka mchi chini, nikasimama mbele ya kitanda mikono mitupu. Akanipiga ngumi ya mdomo, meno mawili yakatoka. Nilipoanguka akanipiga mateke ya mbavu, moja, mbili, sikuhesabu zaidi. Nikashika mguu wa kitanda na sikuuachia. Majirani wakaingia wakamvuta, wakampeleka polisi. Nami nikenda nyuma yao nikaandikisha niliyoyaona, la mkewe na langu, mdomo umevimba. Askari akaniuliza kama nina hakika, maana ni mwanangu. Nikamwambia aandike.

Niliporudi, jirani alikuwa ameketi sakafuni, mtoto bado yuko uvunguni. Nikapanda kitandani. Akatoka, akapanda, akanipa kitabu. Nikanyoosha mkono nifunue ukurasa, akajikunja.

Basi nikaukalia ule mkono.

Akaningoja kidogo, kisha akafunua mwenyewe. Changu. Tafi. Kurasa alizifunua moja moja, anatazama nilipokalia, anafunua tena, mpaka tukamfikia pono. Akarudia mwanzo. Tulipomfikia tafi tena, alikuwa amelala.

Mkono uliingia ganzi. Nikauacha pale pale.