Shahidi wa Pili

Harufu ya karatasi ya kaboni hunirudisha mara moja Cimpunda, mtaa wetu wa Bukavu, kwenye sebule ya babu yangu, tuliyemwita Koko. Mvua inapiga mabati, udongo mwekundu unateremka mbele ya mlango, na yeye ameketi wima mezani, kaboni katikati ya karatasi mbili, kofia ya kalamu mdomoni.

Koko alikuwa karani wa teritwari, yaani wilaya, enzi za Wabelgiji. Nieleze kidogo, maana vijana hawakuiona kazi hiyo. Msimamizi mzungu alifika kutoka ng'ambo kwa mkataba wa miaka mitatu, na Kiswahili alichojifunza melini katika kijitabu. Akishaanza kuzoea njia na majina ya watu, alirudi kwao likizo, kisha mara nyingi akapelekwa kwingine. Aliyebaki ni karani. Yeye ndiye aliyebeba daftari la sensa kijiji kwa kijiji, akaweka meza, akaita watu mmoja mmoja. Wengi hawakujua mwaka waliozaliwa, kwa hiyo aliwauliza: barabara ilipochimbwa, ulikuwa unatembea au unabebwa mgongoni? Jibu hilo likageuka kuwa umri. Wazee wetu wengi walipata miaka yao kwenye meza ya namna hiyo.

Hata alipostaafu, kazi haikumwacha. Jirani aliyepoteza cheti alikuja kwake, Koko akaandika barua ya kuthibitisha kuzaliwa, na mkuu wa mtaa akagonga muhuri bila maswali. Sharti lilikuwa moja: mashahidi wawili waliokuwepo siku hiyo waketi mbele yake na kusema kwa midomo yao.

Nilipokuwa darasa la sita, paa letu lilivuja na cheti changu kikaoza ndani ya sanduku. Mkuu wa shule alitupa muda hadi Ijumaa. Bila barua, nisingefanya mtihani wa taifa. Ningerudia mwaka mzima. Nilizaliwa Kamanyola, nyumbani kwa Balagizi, mdogo wake Koko. Maman alikuwa shahidi wa kwanza. Mkunga alishafariki. Alibaki Balagizi, naye alikuwa kule chini kwenye uwanda, na barabara ya kupanda hadi Bukavu ilikuwa matope matupu. Koko alimtumia ujumbe kwa dereva wa lori, tukangoja.

Alhamisi mchana Maman alishindwa kuvumilia.

"Koko, ule mwaka si uko unaujua? Andika tu!"

"Najua. Mushahidi iko wapi?"

"Mutoto atakosa examen!"

Koko alifungua kalamu, akaifunga tena. Kisha akaniita karibu na kunisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Alipokuwa karani kijana, sensa ilifika kijijini kwao, na zamu ya mdogo wake ikafika. Balagizi alikuwa mtoto bado, ila mrefu. Msimamizi alimtazama urefu tu, akasema: mwanaume mzima, ana nguvu. Foleni ilikuwa ndefu, mzungu amechoka, na karani hakumpinga mkubwa wake mbele ya watu. Koko akaandika. Mwanaume mzima alidaiwa kodi na kazi za barabara. Balagizi akapelekwa kuvunja mawe kwenye njia ya Kamituga, na shuleni hakurudi tena.

"Nilijua, na niliandika," Koko akasema. "Toka ile siku siandikake peke yangu."

Ijumaa asubuhi Balagizi akaingia, viatu mkononi, matope hadi magotini. Lori lilikwama, akamalizia kwa miguu. Akanitazama kutoka utosini hadi miguuni, akacheka.

"Yaya," akamwambia kaka yake, "leo uangalie muzuri! Na huyu iko murefu. Usimutume kwa barabara!"

Koko alicheka hadi miwani ikamwanguka, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akamhoji ndugu yake kama mtu asiyemjua. Jina? Ulikuwa wapi?

"Inje, napasua kuni. Nikasikia analia. Nikaacha shoka."

Ndipo Koko akaandika mwaka wangu. Balagizi akashika kalamu kutia jina. Maman alikuwa mlangoni tayari, mimi nimeshavaa sare, na saa zilikuwa zinakwenda, lakini Koko hakumharakisha hata kidogo. Tulikimbia, muhuri ukagongwa, na barua ikafika shuleni kabla mlango wa ofisi haujafungwa.

Leo mimi mwenyewe naandikisha watoto katika ofisi moja hapa Bukavu. Kompyuta inataka tarehe kamili, na foleni ni ndefu kama ile ya Koko. Mashine inaridhika na majina ya mashahidi, mimi bado nawauliza, "Ulikuwepo?" Wenzangu wananicheka, na mimi nacheka nao. Lakini kwenye droo yangu kuna nakala ya kaboni, rangi yake ya buluu imefifia. Chini yake jina la Balagizi linasomeka vizuri, kwa zile herufi kubwa, za polepole, za mtoto wa darasa la tatu.